Kosa liko tabaka gani? Programu moja, simu mbili

Msimu wa karafuu ukiingia Pemba, jioni ndiyo saa ya hesabu. Wachumaji wanarudi na vikapu vyao, karafuu mbichi zinapimwa kwa pishi, na mbele ya kila jina inaandikwa idadi. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kwa hiyo daftari likilowa mvua au likichanika ukurasa, ugomvi wake hauishi usiku ule. Binti mmoja wa Wete, aliyemaliza chuo karibuni, aliamua kuwatengenezea wazee wake daftari la simu. Unachagua jina, unabonyeza idadi ya pishi, na jioni jumla inakwenda kwa ami yake aliyeko Unguja, ambaye ndiye mtoaji wa fedha za malipo.

Aliijenga kwa Flutter, zana ya kutengeneza programu moja ikafanya kazi kwenye simu za Android na za iPhone. Mezani kwake, simu ikiwa imechomekwa waya kwenye kompyuta, kila kitu kilikwenda sawa. Akatengeneza faili la APK, yaani programu ya Android iliyofungwa tayari kuwekwa kwenye simu, akamtumia mama yake kwa WhatsApp, mama akaliweka kwenye simu. Programu ikafunguka, majina yakaonekana, lakini kila alipobonyeza kutuma, ilijibu kwamba seva haipatikani.

Akatuletea suala lake kwenye kundi letu la waandishi wa programu, na majibu yakamiminika. Ni mnara, huko shamba mtandao wa taabu. Nunua bando jengine. Zima simu uwashe. Mimi ni mmoja wa waliosema mnara, na ndiyo sababu ninaandika haya. Siku mbili binti wa watu alihangaika na simu mkononi, akitoka shamba kwenda mjini Wete na kurudi, akijaribu laini hii na ile, mpaka kaka mmoja mkimya wa kundi alipouliza masuala mawili tu.

"Dada, kwenye simu hiyohiyo ya mama, WhatsApp inapokea ujumbe?"

"Inapokea."

"Na ile iliyokuwa ikifanya kazi, ulikuwa umeichomeka waya ukaiendesha kutoka kwenye kompyuta?"

"Naam."

"Basi si mnara. Fungua AndroidManifest.xml, faili ambalo programu huandika ruhusa inazoziomba kwa simu, ile iliyo ndani ya folda ya main, utazame kama mna ruhusa ya intaneti."

Haikuwamo. Akaongeza mstari mmoja wenye android.permission.INTERNET, akajenga upya, akatuma. Usiku ule ule hesabu ya pishi ikafika Unguja.

Tuitazame hitilafu hii kwa karibu, maana ndani yake mna karibu kila kitu kinachowatatiza watu wanaotumia zana za kutengeneza programu moja kwa simu za aina mbili. Programu ya Flutter huishi maisha mawili. Unapoiandika, huwa katika hali ya majaribio: kompyuta inazungumza na simu muda wote, ukibadili rangi ya kitufe unaiona papo hapo bila kuanza upya. Mazungumzo hayo hupita kwa njia ya mtandao. Kwa hiyo wenyewe waliotengeneza Flutter waliiweka ruhusa ya intaneti kwenye mafaili ya hali ya majaribio, ili zana ifanye kazi. Kwenye faili kuu, lile linalotumika programu ikishatolewa kwa watu, hawakuiweka, kwani si kila programu inahitaji intaneti, na mwenye kuamua ni wewe. Mezani, basi, unapata ruhusa ambayo hukuiomba. Shamba, ruhusa hiyo haipo.

Kinachozidisha uzito ni ukimya wa simu yenyewe. Kwa Android, ruhusa ya intaneti ni ya kawaida. Mtumiaji haulizwi kama anavyoulizwa kuhusu kamera au mahali alipo. Ikiwa haikuandikwa, simu haisemi kwamba umenyimwa ruhusa. Inayosema ni programu, nayo inasema jina la seva halikupatikana, maneno yaleyale ambayo ungeyaona kama kweli mnara ungekuwa umezimika. Mtu aliyeko Pemba akiyaona maneno hayo, akili yake inakwenda kwenye mtandao, kwa sababu amezoea kuukosa. Wala hakosei kufikiri hivyo. Kosa letu sisi tuliokuwa tukimsaidia ni kwamba tulitoa dawa kabla ya kujua kidonda kiko wapi.

Ndoto ya kuandika programu mara moja ikafanya kazi popote ni kongwe kuliko simu hizi. Mwaka 1995 kampuni ya Sun ya Marekani iliitoa lugha ya Java kwa ahadi hiyohiyo. Ilipokuja iPhone mwaka 2007 na simu za Android mwaka uliofuata, ahadi ilirudi kwa nguvu, maana sasa palikuwa na nyumba mbili zisizosemezana. Nyumba ya Apple ilizungumza Objective-C, baadaye Swift. Nyumba ya Android ilizungumza Java, baadaye Kotlin. Mwenye duka dogo Darajani aliyetaka programu ya wateja wake ilimbidi alipe mafundi wawili kwa kazi moja.

Zana zilizozaliwa kutatua hilo hazifanani, na tofauti yao ndiyo inayoonesha kosa litajificha wapi. PhoneGap, ambayo baadaye ilizaa Cordova, ilichukua ukurasa wa tovuti ikauvisha ganda la programu. Unachokiona ndani ni kivinjari bila ya anwani yake. React Native, iliyotolewa kwa umma na Facebook mwaka 2015, inafanya kazi ya ukalimani. Wewe unaandika kwa JavaScript "nataka kitufe", mkalimani anakwenda kumwambia mwenye nyumba, na mwenye nyumba anatoa kitufe chake mwenyewe, cha iPhone kikiwa cha iPhone na cha Android kikiwa cha Android. Flutter ya Google, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka Desemba 2018, haimuombi mwenye nyumba kitufe. Inaomba uwanja mtupu tu, kisha inachora kila kitu yenyewe, nukta kwa nukta, kwa lugha inayoitwa Dart. Kotlin Multiplatform, iliyotangazwa kuwa imara mwaka 2023, inashika njia ya kati: hesabu na mantiki mnashirikiana, sura ya nje kila nyumba inaweza kujipambia yake. (Kotlin ni jina la kisiwa kilicho karibu na Saint Petersburg, na Java nayo ina jina la kisiwa. Mimi mtu wa visiwani, hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.)

Nikiwaeleza wanafunzi, huwa ninatumia mfano wa lugha yetu. Mwaka 1928 walikutana Mombasa kuchagua lahaja ya kusanifisha Kiswahili, kikachukuliwa Kiunguja cha mjini, na kamati ya kuisimamia kazi hiyo ikaanza mwaka 1930. Toka hapo mtu wa Makunduchi na mtu wa Tumbatu wakiandika barua ya ofisini wanaandika kwa lugha moja. Lakini nenda Makunduchi ukabishe hodi kwa bibi kizee asiyetoka kijijini kwake. Hapo usanifu wako unafika mwisho, na unamhitaji mjukuu wa kukufasiria. Dart au JavaScript ni ile lugha ya ofisini. Ndani ya programu yako inatosha kabisa. Ukitaka kamera, mahali, arifa, Bluetooth ya mizani au faili la picha, umefika mlangoni pa nyumba ya watu, na lazima asimame mtu anayeijua lahaja ya mle ndani.

Huyo mjukuu kwenye kazi yetu ni programu-jalizi. Kwa nje jalizi ni moja, ndani ina vipande viwili: kimoja kimeandikwa kwa lugha ya Android, kingine kwa lugha ya iPhone. Mara nyingi aliyeiandika ni mtu mmoja wa kujitolea, mwenye kazi na familia yake, na huenda anatumia simu ya aina moja tu. Kipande cha pili amekiandika bila ya kukikalia, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Akichoka akaiacha, jalizi inabaki ilivyo huku nyumba zote mbili zikibadilisha vitasa vya milango kila mwaka. Mwaka 2023 zana ya kujengea programu za Android ilipofika toleo la 8, ilianza kudai kila jalizi itaje jina lake la utambulisho (namespace) ndani ya faili la ujenzi. Waliopanda kwenye toleo hilo wakakuta jalizi zilizoachwa zinakataa kujengwa, hata kama hawakugusa herufi moja ya msimbo wao.

Kwa hiyo mtu akikwambia "sijagusa kitu, jana ilikuwa inafanya kazi", muamini. Huenda Android Studio, ile programu ya kompyuta ya kutengenezea programu za Android, ilisasishwa, ikaja na Java mpya zaidi, na Gradle ya mradi wake, ambayo ndiyo fundi mjenzi anayeyakusanya mafaili yote kuwa programu, haiijui Java hiyo. Ujumbe unaotoka hapo hulalamikia toleo la 65 la faili la darasa (class file), yaani faili linalozalishwa na Java. Nimewaona vijana wakitafuta Java ya 65 mtandaoni, na haipo. Namba hiyo ni ya ndani. Ipunguze 44 utapata Java unayoijua. 65 ni Java 21, 61 ni Java 17, na 52 ni Java 8 ya zamani. Ukishajua hivyo, ujumbe uliokuwa kama hirizi unakuwa sentensi ya kawaida: Java yako ni 21, Gradle yako ni ya zamani kuliko hiyo, ama ipandishe Gradle ama ishushe Java. Gradle 8.5 na kuendelea inaweza kuendeshwa na Java 21.

Narudi kwenye kusaidiana. Suala la kwanza la msaidizi si "dawa ni ipi". Suala ni: kosa liko tabaka gani? Liko kwenye mantiki uliyoiandika wewe, kwenye Flutter yenyewe, kwenye jalizi, kwenye zana za ujenzi, kwenye simu, au kweli kwenye mnara? Kila jaribio dogo linaondoa tabaka moja. WhatsApp inapokea, basi mnara umetoka. Kwa waya inafanya kazi, basi mantiki imetoka. Programu haikufa, imejibu kwa ustaarabu kwamba seva haipo, basi Flutter yenyewe ina uhai. Kilichobaki ni tofauti baina ya hali ya majaribio na hali ya kutolewa. Yule kaka hakuwa na ilimu ya siri. Aliuliza masuala ambayo jibu lake, likiwa ndiyo au siyo, linafunga mlango mmoja.

Na anayeuliza naye ana wajibu wake. Wengi tunaona haya. Tunaficha msimbo kwa kuogopa kuchekwa, tunasema tu "programu yangu haifanyi kazi, nisaidieni jamani". Mficha maradhi kifo humuumbua. Leta ujumbe wa kosa wote, na uulete kwa maandishi, kwa sababu picha ya skrini haitafutiki wala hainakiliki, na mara nyingi imekata ule mstari wenye maana. Kwa Gradle, mistari ya mwisho husema tu kwamba ujenzi umeshindikana. Sababu imekaa juu zaidi, pale panapoelezwa nini kimeharibika. Endesha amri ya flutter doctor -v, uyanakili matoleo yote iliyokuonesha. Kisha fanya kazi ambayo wachache wanaifanya, nayo ndiyo yenye faida kubwa: anzisha mradi mpya mtupu, uweke kile kitu kimoja tu kinachokataa. Ikikataa na humo, una mistari 20 ya kumuonesha mtu badala ya 3,000. Ikikubali, umeshajua kosa liko kwenye mradi wako na si kwenye jalizi, na huenda hutahitaji tena kuuliza. Ila kabla ya kubandika chochote mbele za watu, toa nywila na funguo za seva.

Jambo jengine ninaloliona ni la lugha. Ujumbe wa kosa huja kwa Kiingereza, tena kile cha mashine, na kijana akikiona anaruka macho moja kwa moja kwenda kutafuta suluhisho la kunakili. Kwenye vikao vyetu tumeanza kuusoma ujumbe kwa sauti, kisha mmoja anausema kwa Kiswahili, hata kwa kubabaisha. Mara nyingi mwenye kosa analijua jibu kabla ya sentensi kwisha. Flutter yenyewe ina Kiswahili ndani yake: maneno ya vitufe vya kawaida, kama vile vya kuchagua tarehe, yameshafasiriwa, na unachohitaji ni kuongeza kifurushi cha flutter_localizations na kuiambia programu itumie lugha ya sw. Wengi hawajui, wanaandika kila neno upya.

Halafu kuna gharama ya bando, ambayo miongozo mingi huandikwa kana kwamba haipo. Mradi wa kwanza wa Android ukijengwa, Gradle hujipakua yenyewe na kila kinachohitajika, mamia ya megabaiti. Kwa mtu anayenunua bando la siku, ujenzi ukikatika katikati ni hasara ya kweli. Dawa tuliyoizoea ni akiba ya pamoja. Aliyeko mjini anapakua mara moja, ananakili folda mbili, ile ya akiba ya Gradle na ile ya akiba ya vifurushi vya Dart, anazitia kwenye flashi, na flashi inakwenda Mkoani kwa boti pamoja na mzigo wa mtu. Huko wanaibandika mahali pake na kujenga bila intaneti: Gradle ina swichi ya --offline, na amri ya flutter pub get nayo inayo. Sharti lake ni moja, matoleo yawe sawasawa pande zote mbili. Namba ya Gradle ikitofautiana hata kidogo, itataka kupakua tena. Ndiyo maana kundi letu limekubaliana matoleo ya pamoja, na halipandishi toleo katikati ya kazi ya mtu.

Mwenye kusaidia, nawe, usimuandikie mwenzio programu nzima. Mpe mstari na sababu yake. Na ukipata jibu wewe mwenyewe baada ya kuuliza, usiseme "nimeshapata, shukrani" ukanyamaza. Wapo wenye kosa hilohilo watakaofika hapo miezi sita baadaye, na watakuta mlango umefungwa.

Daftari la pishi halikuishia kwenye simu ya mama. Ami wa Unguja anatumia iPhone, na programu za iPhone hujengwa kwa Xcode, ambayo hukaa kwenye kompyuta ya Mac tu. Binti hana Mac. Kijana mmoja wa Michenzani, mjini Unguja, anayo, kwa hiyo msimbo unatoka Wete unafika Michenzani, na huko ndiko unakojengwa. Siku ya kwanza ami aliifungua, akaziona hesabu, akafurahi. Alipobonyeza kitufe cha kupiga picha stakabadhi ya pesa alizotuma, programu ikatoweka mbele ya macho yake, bila neno.

Safari hii hakuna aliyesema mnara. Binti alikuja na ujumbe wote, na matoleo, na mradi mtupu wenye kitufe kimoja cha kamera. Kwenye Android kitufe kilifanya kazi, kwenye iPhone kikaua programu. Tabaka likajulikana kabla hatujanywa kahawa: mlango wa nyumba ya Apple. iPhone inataka kila programu inayogusa kamera iwe imeandika, kwenye faili la Info.plist, sentensi ya kumueleza mwenye simu kwa nini kamera inahitajika. Sentensi isipokuwepo, mfumo unaiua programu palepale. Akaiandika kwa Kiswahili: "Tunahitaji kamera ili upige picha ya stakabadhi ya malipo ya wachumaji." Ami aliisoma, akabonyeza kukubali.

Kuiweka kwenye duka la Apple kunataka dola 99 kila mwaka, na daftari la shamba moja haliwezi kulipa hizo. Kwa akaunti ya bure, programu iliyowekwa kwa waya huishi siku 7 kisha hukataa kufunguka mpaka iwekwe tena. Kwa hiyo kila Ijumaa, baada ya sala, ami hupita Michenzani, simu yake ikachomekwa waya kwa dakika chache, akaagana na kijana akaenda zake kulipa pishi za wiki.